Tadbiri ya Kabla ya Mchuano: Mwalimu wa Ushambulizi na Karatasi Yake

Aliyezoea kandanda yetu, ambayo mpira ukishaanzishwa huenda kama maji ya mto mpaka refa apulize kipenga, hushangaa anapoutazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza, kwani mchezo ule huchezwa kwa sekunde chache tu, kisha wote husimama, wakakusanyana, wakanong'onezana, wakajipanga upya na kuanza tena. Na kwa hakika wanaofanana zaidi na watu wa mchezo ule huku kwetu ni wale wazee wanaouinamia ubao wa bao, ambako kila mmoja huingoja zamu yake na kila zamu hutanguliwa na fikira.

Ligi kuu ya kulipwa, NFL, huipa timu inayoshambulia sekunde 40 tangu mbinu moja ikome hadi nyingine ianze, na redio inayoipeleka sauti ya mwalimu ndani ya kofia ngumu ya kwotabeki, yaani yule kiongozi wa ushambulizi anayeupokea mpira kwanza na kuamua nani atauchukua, hukatwa saa hiyo ikibakiza sekunde 15. Basi mwalimu ana sekunde 25, nazo si zake peke yake, kwani ndani yake sharti atambue mpira umekomea wapi, ajue zimesalia yadi ngapi, aone wapinzani wamewaingiza watu gani, achague mbinu moja kati ya mia na zaidi, na kuitaja kwa jina lake kamili bila kubabaika. Naye kwotabeki aisikie sawasawa, awarudie wenzake 10 walioinamiana katika duara, kisha awaongoze hadi mstarini na kuwatazama walinzi machoni kabla mpira haujatoka. Swali langu ni hili: uamuzi mwema hupatikana wapi katika muda mfupi kama huo? Nami nasema kwamba humo haupatikani hata kidogo. Hupatikana siku kadhaa nyuma, juu ya meza, katika chumba kisicho na kelele, na kinachofanyika uwanjani aghalabu ni kukumbuka tu.

Asili ya jambo lote ni sheria moja ndogo. Mwaka 1882 Walter Camp, mtu wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwashawishi wenziwe wakubali kwamba timu yenye mpira ipewe majaribio 3 ya kusonga mbele yadi 5, la sivyo iuachie. Mwaka 1906 masafa yakawa yadi 10, na pasi ya kutupwa mbele ikahalalishwa. Mwaka 1912 majaribio yakawa 4, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kutokana na sheria hiyo kila mbinu huwa na thamani yake kwa mujibu wa hali, wala hakuna mbinu iliyo njema kwa dhati yake. Jaribio la pili lenye yadi 2 zilizobaki ni neema, kwani mwalimu aweza kuukimbiza mpira au kuutupa mbali, na akikosa bado ana fursa. Jaribio la tatu lenye yadi 12 ni dhiki, kwani kila mtu, hata muuza karanga jukwaani, ajua kwamba pasi yaja. Mwalimu asiyezigawa hali hizi mapema na kuiandalia kila moja majibu yake hujikuta siku ya mchuano akipapasa gizani, akitaja kila mara zile mbinu tatu au nne azipendazo, mpaka wapinzani wazijue kama wazijuavyo nyumba zao.

Hata hivyo si zamani zote mwalimu ndiye aliyechagua. Kwa miaka mingi kwotabeki alijiamulia mwenyewe uwanjani, na sheria za kale zilimkataza mwalimu kuwaelekeza wachezaji kutoka kandoni. Aliyeugeuza mkondo huo hasa ni Paul Brown, aliyeiongoza timu ya Cleveland tangu 1946, akawa huwatuma wachezaji wawili wa safu ya mbele kwa zamu, huyu akiingia na huyu akitoka, kila mmoja akiwa mjumbe mwenye jina la mbinu kinywani. Mwaka 1956 alitia redio ndani ya kofia ya kwotabeki wake George Ratterman, na haukupita muda kamishna wa ligi, Bert Bell, akaipiga marufuku. Ikarudi kwa ruhusa mwaka 1994 tu, na vyuo vikuu vya daraja la juu vikaipata mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya ishara za mikono na mabango ya picha yanayoinuliwa kandoni. Tom Landry wa Dallas, mwaka 1962, alifikia hatua ya kuwabadilisha makwotabeki wawili, Eddie LeBaron na Don Meredith, kwa zamu, mbinu baada ya mbinu, kila anayeingia akiwa na neno la mwalimu. Na ingawa namheshimu sana Landry, sidhani kwamba mtu anayetolewa nje kila baada ya sekunde chache aweza kuujenga moyo wa uongozi.

Mtu aliyeyafikiria mambo haya kwa kina kuliko wote ni Bill Walsh, aliyekuwa msaidizi wa huyo Paul Brown huko Cincinnati tangu 1968 hadi 1975, kisha akaishika San Francisco mwaka 1979 na kuipatia ushindi wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara 3 kabla ya kuondoka. Brown alikuwa na desturi ya kumwuliza msaidizi wake kabla ya mchuano ni mbinu zipi atakazofungulia. Na Walsh, kwa kulijibu swali hilo juma hata juma, akaanza kuziandika chache, kisha zaidi, mpaka alipofika San Francisco orodha ya ufunguzi ikawa na mbinu 25 zilizopangwa kwa mfuatano tangu kabla timu haijaondoka hotelini. Wengi waliosikia habari hiyo waliidhania kuwa majivuno, wakisema mtu atajuaje leo kitakachofaa kesho; ila hoja ya Walsh ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja. Alisema kwamba akili ya mtu aliyeketi ofisini katikati ya juma, aliyelala na kula, ni bora kuliko akili ya mtu huyohuyo akiwa amezungukwa na watu elfu sitini wanaopiga kelele, mvua ikimnyea, na mpira umepotezwa dakika mbili zilizopita. Maadamu uamuzi ni wake vyovyote iwavyo, kwa nini asiufanye akiwa katika hali yake iliyo bora?

Faida za orodha hiyo hazikuishia kwenye utulivu wa mwalimu. Wachezaji walipewa mfuatano huo usiku wa kuamkia mchuano, wakalala nao, kila mmoja akijiona katika fikira zake akitenda wajibu wake, hata mapigo ya kwanza yakawakuta wepesi ilhali wapinzani bado wanatetemeka. Tena orodha ilikuwa ni upelelezi: mbinu ya tatu iliwekwa ili kuona walinzi watajipangaje mshambuliaji mmoja akisogea kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya mpira kutoka, na mbinu ya saba iliwekwa kumjaribu beki fulani anayesemekana kuwa na pupa, na majibu yaliyopatikana yakaandikwa ili yatumiwe katika nusu ya pili. Wala Walsh hakuwa mtumwa wa karatasi yake. Ilipotokea jaribio la tatu lenye yadi 1, aliiacha orodha, akachukua kilichoandikwa kwa ajili ya hali hiyo, kisha akairudia pale alipoiachia. Hili wanaomwiga hulisahau mara nyingi, wakaifuata orodha kama reli, na treni ikawaangusha.

Kabla ya orodha kuna kuwachunguza wapinzani, na hapo sifa imwendee mwalimu Sid Gillman, ambaye baba yake alikuwa na majumba ya sinema mjini Minneapolis, naye akajifunza tangu ujana wake kwamba filamu ya mchuano, ikirudishwa nyuma na kutazamwa tena na tena, husema yale ambayo jicho la siku ile halikuyaona. Leo kila timu ina filamu kuliko iwezavyo kutazama, na hatari imegeuka: mwalimu kijana hukesha akiangalia kila kitu na asione lolote. Anayejua kazi huingia na maswali machache. Katika jaribio la tatu lenye yadi nyingi, walinzi hawa hutuma watu wangapi kumshambulia kwotabeki, watano au wanne? Wakifika karibu na mstari wao wa goli, humlinda kila mtu mtu wake, au hulinda eneo? Ni nani kati yao anayechoka mapema? Akishapata majibu hayo sharti ageuze filamu ajitazame yeye mwenyewe kwa jicho la adui, kazi ambayo wengi huikimbia kwa kuwa hugusa nafsi. Maana huenda akagundua kwamba kila anapompanga mshikaji wa pembeni upande wa kulia yeye hukimbiza mpira kulia, na kwamba jambo hilo ambalo yeye halijui, wapinzani wake wamekwisha kulijua tangu Jumatatu.

Niruhusiwe kusimama kidogo kwenye jambo dogo ambalo watazamaji hawalitilii maanani. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja, na mpira hauanzishwi popote ulipoangukia, ila hurudishwa ndani ya alama mbili zilizochorwa katikati. Katika NFL alama hizo ziko karibu, futi 18 na inchi 6 tu, kwa hiyo mpira huwa karibu na katikati siku zote. Katika vyuo zimeachana futi 40, na katika shule za sekondari huugawa uwanja katika mafungu matatu yaliyo sawa. Basi mwalimu wa shule ambaye mpira umewekwa kwenye alama ya kushoto ana upande mpana kulia kwake, wenye nafasi ya kupumua, na upande mwembamba kushoto, ambako mstari wa nje humsaidia mlinzi kuliko mlinzi wa pili angemsaidia. Mwalimu huyo akinakili mbinu aliyoiona kwenye televisheni Jumapili bila kuuliza mpira ulikuwa wapi, amenunua vazi la mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Ni kipande kikubwa kilichofunikwa plastiki dhidi ya mvua na jasho, chenye maandishi madogo pande zote mbili na rangi mbalimbali, nacho mwalimu hukiinua hata midomoni anapozungumza ili mpinzani mwenye darubini asiyasome maneno yake. Humo mna sehemu ya ufunguzi. Sehemu ya jaribio la kwanza na la pili. Ya jaribio la tatu, iliyogawanywa kwa uchache na wingi wa yadi. Ya yadi 20 za mwisho, ambako uwanja hufupika na walinzi hawana tena haja ya kuogopa pasi ndefu. Ya mstari wa goli. Ya timu ikibanwa mgongoni mwake. Ya dakika mbili za kukimbizana na saa. Na ya dakika nne za mwisho anapokuwa anaongoza na anataka saa iende. Katika kila sehemu mbinu chache zimepangwa kwa daraja, ya kwanza juu. Kidole cha mwalimu hushuka sehemu hiyo, hukutana na jina, na kinywa hulitamka. Haipiti sekunde tano.

Wingi ndio maradhi ya karatasi hii. Mchuano mmoja huipa timu mbinu 60 au 70 hivi, na mwalimu aliyeandika 200 ameandika zaidi ya mia ambazo hazitachezwa, lakini ambazo wachezaji wake wamezifanyia mazoezi kidogo kidogo, kila moja mara moja au mbili, badala ya kuzifanya 40 mpaka ziingie katika viungo vyao. Fauka ya hayo kila mbinu huja na lugha yake. Mfuasi wa mwalimu Don Coryell huwapa wapokeaji tarakimu, 0 hadi 9, kila tarakimu ikiwa njia ya kukimbia. Mfuasi wa Walsh hurefusha jina mpaka liwe kama sentensi nzima, mpangilio, kisha mwendo, kisha ulinzi, kisha njia. Na wale waliolelewa katika utaratibu wa walimu Ron Erhardt na Ray Perkins huliita kundi zima la njia kwa neno moja. Naiona ya tatu kuwa nyepesi zaidi kwa kijana mwenye hofu, ingawa ile ya Walsh humwambia kila mtu wajibu wake waziwazi.

Kuna mtu mmoja ambaye karatasi isipompendeza haitafaa kitu, naye ni kwotabeki. Desturi njema iliyoenea ni kuketi naye usiku wa kuamkia mchuano na kumpa kalamu: azitie alama anazozipenda, azifute asizoziamini, hata kama mwalimu alizitunga kwa jasho. Mwalimu mwenye kiburi hukasirika, naye mwenye busara hufuta bila neno, kwani mbinu ya wastani ikitupwa na mkono wenye yakini hushinda mbinu bora iliyotupwa na mkono wenye shaka. Ushahidi wa jambo hili ulionekana tarehe 4 Februari 2018, pale Philadelphia ilipocheza na New England katika Super Bowl. Zilibaki sekunde 38 nusu ya kwanza imalizike, jaribio la nne, yadi 1 kufika goli, na pointi 3 za kupiga kwa mguu zilikuwa kama ziko mfukoni. Kwotabeki Nick Foles alikwenda kandoni na yeye mwenyewe akaitaja mbinu ya hila waliyokuwa wameifanyia mazoezi. Mwalimu Doug Pederson akatazama, akakubali. Foles alijisogeza kulia kana kwamba anawaelekeza wenzake, mpira ukaenda moja kwa moja kwa Corey Clement, naye akampa Trey Burton, mpokeaji aliyewahi kuwa kwotabeki ujanani mwake, naye Burton akamtupia Foles aliyekuwa amesimama peke yake ndani ya goli. Philadelphia ilishinda 41 kwa 33. Watu waliusifu ujasiri wa Pederson, nami nausifu, ila ujasiri ule ulikuwa na mizizi katika mazoezi.

Hesabu nazo zimeingia, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 Virgil Carter, ambaye alikuwa kwotabeki wa Cincinnati wakati Walsh akifundisha huko, alichapisha pamoja na msomi Robert Machol uchunguzi wa thamani ya kuwa na mpira katika kila sehemu ya uwanja, nao ukaonyesha kwamba kuwa nao mgongoni kabisa mwa uwanja wako ni hasara, si faida. Mwaka 2006 mchumi David Romer akaonyesha kwamba walimu huupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani katika jaribio la nne mara nyingi kuliko hesabu inavyowaruhusu. Ligi imebadilika tangu hapo, na leo jaribio la nne lenye yadi 1 au 2 si tena jambo la kutetemesha. Lakini hesabu nayo sharti iwe imefanywa kabla. Atlanta, tarehe 5 Februari 2017, iliongoza 28 kwa 3 mbele ya New England. Ikiwa bado mbele 28 kwa 20, dakika zisizofika 5 zimesalia, ilikuwa na mpira yadi 22 tu kutoka goli la wapinzani, ambapo pigo la mguu lingeleta pointi 3 na kuufunga mlango. Mbio moja ilipoteza yadi 1. Kisha ikaitwa pasi, kwotabeki akaangushwa yadi 12 nyuma. Kisha ikaja adhabu ya yadi 10. Mpira ukapigwa mbali na New England ikashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Naamini kwamba swali la lini tuache kutafuta na tuanze kulinda lilistahili kujibiwa Jumatano, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya karatasi.

Lakini kuna mfano mmoja ambao kila anayeliandikia jambo hili sharti aukabili, kwa kuwa unaonekana kuipinga hoja yangu yote. Tarehe 1 Februari 2015 Seattle ilikuwa nyuma ya New England 24 kwa 28, jaribio la pili, yadi 1 kufika goli, sekunde 26, na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Nyuma ya kwotabeki Russell Wilson alisimama Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu za fahali, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amekimbia yadi 4. Seattle ikataja pasi fupi ya katikati kwa Ricardo Lockette. Malcolm Butler, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, akaruka mbele yake akainasa, na mchezo ukaisha. Taifa zima likamlaani mwalimu Pete Carroll kwa kutomkimbiza Lynch.

Mimi simlaani kwa hilo. Kwa sekunde 26 na ruhusa moja, atakaye kuyatumia majaribio yote matatu sharti moja kati yake liwe pasi, kwa sababu pasi isiyoshikwa huisimamisha saa yenyewe. Na katika msimu ule wote, pasi zaidi ya 100 zilikuwa zimetupwa kutoka yadi 1 bila hata moja kunaswa. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa naliona mahali pengine: pasi yenyewe ilipelekwa katikati penye msongamano, ambako ikikosewa kwa nusu ya hatua hunaswa, wakati pasi ya pembeni ikikosewa huanguka nje ya mstari. Tena ile mbinu ilikuwa imeonekana katika filamu. New England walikuwa wameifanyia mazoezi juma lile, na Butler, aliyechelewa na kushindwa mazoezini, akasahihishwa. Brandon Browner, aliyeichezea Seattle zamani, ndiye aliyemzuia yule mpokeaji wa mbele aliyekusudiwa kumfungulia Lockette njia. Matayarisho ya upande mmoja yalikutana na matayarisho ya upande wa pili, na yaliyo bora zaidi yakashinda. Wahenga wanasema mipango si matumizi, nao wana haki. Ila pale hata aliyeharibu matumizi alikuwa na mpango wake.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwalimu wa timu ya shule, mwenye vijana 30, wasaidizi wawili na filamu iliyopigwa kwa simu kutoka jukwaani, usiitamani karatasi ya mabingwa. Chagua mbinu 12 za kufungulia, nyingine 4 za jaribio la tatu, 3 za mstari wa goli na 2 za dakika za mwisho, ziandike Alhamisi usiku baada ya chakula, kisha Ijumaa asubuhi mpe kwotabeki wako kalamu.